Muundi unauma wiki ya pili? Hiyo si asidi ya laktiki!

Usitume hiyo M-Pesa! Unauliza viatu gani vinafaa msitu wa Karura na ule nini kabla ya mbio, halafu unapitisha katikati, kama kitu kidogo, kwamba muundi unauma wiki ya pili, kocha kasema ni asidi ya laktiki, ile inayotengenezwa na misuli ukikimbia kwa nguvu, na kuna mtu anakuuzia matone ya kuisafisha kabla haijageuza jeni zako zikuletee saratani. Mimi niliyanunua hayo hayo. Chupa tatu. Choo ndicho kilichofaidi.

Pesa si kitu, lakini. Kilichonimaliza ni kocha wangu: "Hiyo ni asidi tu, ikimbie itoke." Nikaikimbia. Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, mguu unalia, mimi naona ndiyo bidii. Wiki ya tatu nikashindwa kushuka matatu pale Roysambu, makanga akadhani nimelewa. Eksirei ya kwanza haikuonyesha kitu. Ya pili ikaonyesha ufa kwenye mfupa. Wiki nane za magongo, nami naishi ghorofa ya nne na lifti ni pambo. Kocha alinitumia "pole" na emoji ya msuli. Gongo moja bado ninalo, namngoja.

Sikia: ukishamaliza mbio, asidi hiyo hushuka kwenye damu ndani ya saa moja hivi. Wala si taka. Moyo na misuli huichoma kama kuni. Hata ule uchungu wa kesho yake, wa kushuka ngazi kinyumenyume, hauletwi nayo. Ni misuli iliyochanika kidogo kidogo. Kinachouma kesho kutwa si laktiki, sembuse cha wiki mbili!

Na habari ya jeni, muuzaji kadokoa nusu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba lakteti, yaani asidi hiyo hiyo jinsi ilivyo mwilini, hujibandika kwenye histoni, protini ambazo DNA imezungushiwa kama uzi kwenye bobini ya cherehani, na kuwasha jeni. Kwenye seli za kinga zilizokuwa zikipigana na bakteria, baadhi ya jeni hizo zilikuwa za kutuliza vita na kukarabati! Uvimbe wa saratani hutoa lakteti mchana na usiku, huko ndiko mibandiko hiyo ya lakteti inachunguzwa. Wewe ni kilomita tano tu, ukaoge.

Bonyeza mfupa kwa kidole. Pakiuma mahali pamoja, acha kukimbia leo, nenda hospitali, na eksirei ikiwa safi usisherehekee. Yangu ilikuwa safi.