Mzee Mwenzangu, Anza Wewe Kusalimia

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa mama mmoja wa miaka 62. Amestaafu, mumewe ametangulia mbele ya haki, na mwanawe amemtoa kijijini akamleta kwake Njiro, Arusha. Nyumba nzuri, geti, chakula hakikosekani. Lakini asubuhi watoto wanatoka, jioni wanarudi wamechoka, na siku inakwisha hajaambiwa neno zaidi ya "shikamoo bibi". Anauliza kama huu ndio uzee wenyewe.

Niliusoma mara tatu. Nimeamua kumjibu hapa ili nawe usome, kwa sababu najua sisi wa umri huu tunatafuta kitu kimoja: kuzeeka tukiwa bado ni watu mbele za watu.

Mimi nilikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha kahawa, Kibosho. Miaka 31. Msimu ukifunguliwa, kuanzia Julai hivi, wakulima wanapanga foleni na kahawa yao iliyokauka vizuri, wewe unasoma kilo na kuandika kitabuni, na hizo kilo ndizo ada ya mtoto, ndizo bati za nyumba. Sikumwibia mkulima hata robo kilo. Hilo nalisema kifua mbele, na walio hai wanaweza kunishuhudia. Nikipita barabarani nilikuwa nasalimiwa kutoka vihamba vya kushoto na kulia. "Shikamoo karani!" Naitikia marahaba, napita. Nilidhani wananisalimia mimi.

Nilipostaafu sikuagwa hata kwa soda. Ijumaa nilikabidhi vitabu, Jumatatu akakaa mwingine, na kabla mwaka haujaisha zile salamu zilikuwa zimehamia kwake. Mke wangu alikuwepo, kwa hiyo niliumia kidogo tu. Alipofariki mwaka 2019 ndipo nilipojua kimya ni nini. Miaka mitatu iliyofuata haina cha kusimulia. Nilisikiliza redio na kuwanunia vijana wanaopita bila kunipa shikamoo.

Sasa Novemba 2022. Nilishuka mjini Moshi kwa ajili ya kliniki yangu ya sukari. Nilikuwa nimeambiwa nije bila kula ili nipimwe, na daladala ilichelewa kujaa. Niliposhuka nikatembea hadi karibu na mnara wa saa, pale miguu ikaniishia. Jasho la baridi, macho yanaona giza. Nikakaa chini ukingoni mwa barabara, nikiwa nimevaa koti langu la heshima.

Watu walipita. Mmoja namfahamu vizuri, nimempimia kahawa yake zaidi ya miaka 20. Alinitazama, akatazama saa yake, akaendelea. Huenda alidhani nimelewa. Nimejaribu kumsamehe na bado sijamaliza kazi hiyo.

Aliyesimama ni kijana wa kutembeza soksi. "Babu, vipi?" Sikupenda kuitwa babu. Nikamwambia naweza, asante. Akauliza tena, nikamjibu vilevile. Hakubishana na mimi. Aliweka soksi zake chini, akavuka barabara, akarudi na kikombe cha chai yenye sukari nyingi kutoka kwa mama mmoja anayeuza mtori na chapati pale ng'ambo, akanishikia kikombe maana mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Niliporudi kwenye fahamu zangu sawasawa akamwachia mwenzake mzigo, akaita bajaji, akanifikisha hospitali hadi kwenye dirisha la wazee. Alipokea kadi yangu, akaipeleka, akarudi kuniambia, "Babu, ukiitwa usiamke haraka." Kisha akaondoka.

Nilifika nyumbani jioni nikiwa salama. Nikaketi kitandani, nikataka kumwombea yule kijana, nikakuta sijui jina lake. Saa nzima na zaidi alikuwa nami, amepoteza biashara ya asubuhi, na mimi sikumuuliza jina. Wala sikumlipa ile chai.

Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona kazini.

Wiki iliyofuata nikarudi kumtafuta, na hapo ndipo lilipo somo langu. Utamtafutaje mtu usiyejua jina lake? Itabidi uulize. Na mimi sikuwa na mazoea ya kuanza. Desturi yetu ni kwamba mdogo ndiye anayeanza, mkubwa anaitikia, na nilikuwa nimekaa juu ya desturi hiyo kama kwenye kiti changu cha mizani. Siku ya kwanza nilisimama pale nusu saa nikisubiri mtu aniamkie ndipo nimuulize. Hakuna aliyeniamkia, watu wako kazini. Mwishowe nikamwendea fundi viatu, nikamwambia, "Pole na kazi, kijana."

Akainua uso. "Nimeshapoa, mzee wangu. Karibu." Akanisogezea kigoda.

Maneno matatu tu. Nimeyatumia tangu siku hiyo na hayajawahi kuniangusha. Shikamoo ni yao kukupa, huwezi kuidai. Lakini "pole na kazi" hata mkubwa anaanza nayo, kwa sababu unamwambia mtu kwamba umemwona anavyohangaika. Fundi viatu akanielekeza kwa muuza parachichi, huyo akanipeleka kwa yule mama wa mtori (nikamlipa chai yake, akakataa, nikaiacha mezani), yeye akanituma kwenye kijiwe cha kahawa. Nimepima kahawa maisha yangu yote na sikuwahi kukaa kijiweni nikanywa kile kikombe kidogo cha kahawa chungu na kashata. Nilikaa. Wakaniuliza mimi ni wa wapi, nikasema Kibosho, mmoja akasema bibi yake naye ni wa Kibosho, na tukaanza kutafuta ukoo.

Yule kijana sikumpata. Wengine walisema ameenda Mererani kwenye machimbo, wengine walisema amerudi kwao. Nimeshaulizia kwa miezi mingi. Kama unasoma haya na ulikuwa ukitembeza soksi Moshi mwaka 2022, nakudai jina, na wewe unanidai mengi.

Lakini kwa kumtafuta yeye nimepata watu. Nikishuka mjini sasa, kutoka stendi hadi hospitali nasimama si chini ya mara tano. Mwezi ambao sikuenda kliniki kwa sababu ya mafua, mama wa mtori alimtuma konda wa daladala ya kwetu aulize kama nipo hai. Konda alifika hadi getini kwangu. Watu niliosali nao miaka 40 walikuwa hawajafika.

Mjukuu wangu anayesomea uuguzi aliniambia kwamba watafiti wawili, Nicholas Epley na Juliana Schroeder, walilichunguza jambo hili kwa abiria wa treni na mabasi huko Chicago, wakatoa matokeo mwaka 2014. Watu walikisia kwamba kuzungumza na abiria wasiyemjua kutawaharibia safari. Waliozungumza wakasema safari yao ilikuwa nzuri kuliko ya waliokaa kimya. Nilimwambia hayo nimeyaona ndani ya daladala ya Kibosho, ila nilifurahi kwamba yameandikwa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, anza wewe. Usihesabu nani amekuamkia na nani hajakuamkia. Uliza jina, kisha lishike. Ukilisahau uliza tena, hakuna anayekasirika kuulizwa jina na mzee. Na ukisaidiwa, saidika. Hili ndilo gumu kwetu tuliozoea kuwa na vyeo. Kijana akikushikia mfuko wakati wa kupanda gari usimnyang'anye ukisema unaweza. Mwache aubebe, uulize jina lake. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inatutambua kuanzia miaka 60, na dirisha letu hospitalini ni haki yetu, lakini mimi siku ile bila kijana wa soksi nisingelifikia hilo dirisha.

Tahadhari moja. Matapeli wapo na wanatupenda sisi wazee. Zungumza na mtu mbele ya watu, usimpe simu yako, namba ya siri ya pesa usimtajie hata akikuita baba. Salamu haihitaji pochi kufunguliwa. Lakini usiwafanye matapeli kuwa kisingizio cha kujifungia, kama nilivyofanya mimi miaka mitatu.

Na wewe dada yangu wa Njiro. Umesema nyumba ina geti, na geti lina mlinzi ambaye hujawahi kuzungumza naye kwa sababu humjui. Kesho asubuhi, watoto wakishatoka, mpelekee kikombe cha chai mwenyewe, usimtume dada wa kazi. Mwambie pole na kazi. Muulize jina lake na kwao ni wapi, kisha uniandikie amekujibu nini.