Umetolewa kizazi kilichoshuka: maswali yenu kuhusu wiki za kupona

Maswali ya safari hii yanahusu jambo moja: kizazi kilishuka, kikatolewa, na sasa mtu yuko nyumbani anauguza. Nimeyafupisha na kuondoa majina. Majibu yangu yanawalenga zaidi waliofanyiwa upasuaji kupitia ukeni, kwa sababu ndiyo njia inayotumika sana kizazi kikishuka. Aliyepasuliwa tumboni ana mshono mwingine wa kutunza, afuate maelekezo aliyopewa wodini.

Nina miaka 58, niko Muheza. Hii ni wiki ya tatu tangu nitolewe kizazi na sisikii maumivu. Nimeanza kuteka maji, ndoo siijazi. Kuna ubaya?

Shikamoo mama. Ubaya upo, na wiki ya tatu ndiyo inayowaponza wengi. Tumboni huna kovu, maumivu yameisha, majirani wanakuona mzima. Lakini mshono uko ndani, juu kabisa ya uke, pale mlango wa kizazi ulipokuwa. Pamefungwa kama mdomo wa gunia, kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe kadiri nyama inavyoshikana. Kama daktari alikaza pia ukuta wa mbele unaobeba kibofu, au wa nyuma unaopakana na njia ya haja kubwa, una mishono mingine huko. Kila unaponyanyua kitu, presha ya tumbo inasukuma chini, hapo hapo panapotaka utulivu.

Tupige hesabu. Ndoo kubwa ya lita 20 ina kilo 20 za maji, nusu yake kilo 10. Kwa wiki 6 za mwanzo madaktari wengi hawaruhusu kuzidi kilo 4 au 5: birika, kidumu cha lita 3, sufuria isiyojaa. Mjukuu wa mwaka mmoja ana kilo 9 hivi, kwa hiyo kaa kwanza, kisha mtu mwingine akupakatishe. Jembe, mchi, kupasua kuni na kufua mablanketi visubiri miezi 3, na hata baada ya hapo dumu la lita 20 si mzigo wa kuurudia kila asubuhi.

Najua utaniuliza maji yatafikaje nyumbani. Wanaoniandikia kuhusu ndoo ni wanawake wenyewe. Bado sijapata barua ya kijana wa kiume anayeuliza zamu ya kisima aipange vipi mama yake anapouguza. Waite wanao, waeleze wazi kwamba daktari amekataza, na mtaje nani atateka siku gani. Mkisema "tutasaidiana" tu, kufikia Alhamisi utakuwa kisimani. Maji yakishafika, yawekwe juu ya meza au stuli, usawa wa kiuno, uchote kwa jagi bila kuinama. Jikoni pia, kaa kwenye kiti cha kawaida. Kibao cha mbuzi na kile kigoda kifupi viache kwanza.

Mke wangu ana miaka 47, ametolewa kizazi mwezi uliopita. Marafiki wananiambia tendo la ndoa ndiyo basi tena, kwamba mwanamke anabaki mtupu. Naomba ukweli.

Ukweli, kaka, ni kwamba marafiki zako wanachanganya kizazi na uke. Kizazi kilikuwa cha kubeba mimba na kutoa hedhi. Uke upo, umefungwa kwa juu tu, na hisia zake zipo. Wanawake wengi hufurahia zaidi kuliko zamani, kwa kuwa kile kinyama kilichokuwa kikijitokeza na kuwatia aibu hakipo tena.

Ila msubiri. Wiki 6 zisipungue, na kabla ya hapo arudi kliniki apimwe, aambiwe pamepona. Mkiwahi, mshono wa juu unaweza kufunguka. Haitokei mara nyingi, lakini ikitokea ni dharura ya kurudi chumba cha upasuaji. Siku mtakapoanza nendeni taratibu, tumieni jeli ya maji inayouzwa famasi, na akisema anaumia, simama hapo. Hofu yake siku hiyo ni kubwa kuliko yako.

Umeuliza pia kama atazeeka ghafla. Angalieni kwenye cheti cha kuruhusiwa kama ovari, yaani vifuko vya mayai, zimeachwa. Kama zipo, zinaendelea na kazi. Hedhi tu ndiyo haitakuja. Kama zimetolewa naye alikuwa bado anapata siku zake, ataanza kusikia joto la ghafla, jasho la usiku na ukavu ukeni. Hilo lina dawa, amweleze daktari.

Naogopa kwenda haja kubwa. Nahisi nikijikamua nyuzi zitakatika.

Basi usijikamue, lakini usikibane choo pia, maana kikikaa kinazidi kuwa kigumu. Dawa za maumivu zenye kodeini na vidonge vya kuongeza damu hufungisha choo, kwa hiyo si wewe mlegevu. Kunywa maji ya kutosha, kula papai, mchicha, maharage, uji wa dona. Visipotosha, omba laktulosi, dawa ya maji ya kulainisha choo; hospitali nyingi huwapa wagonjwa wa upasuaji huu.

Choo cha kuchuchumaa ni kazi nyingine. Wiki za mwanzo magoti hayana nguvu na unapoinuka unajikaza tumbo lote. Fundi seremala akitoboa kiti imara cha mbao katikati, kikawekwa juu ya tundu, unakaa kwa raha. Mwenye choo cha kukaa aweke miguu juu ya kigoda ili magoti yapande kidogo, ainame mbele, apumue nje bila kubana pumzi.

Bado natoka maji ya kahawia, na jana niliona kipande cha uzi kwenye pedi. Nishtuke?

Usishtuke. Uchafu wa kahawia au wa pinki unaopungua siku hadi siku unaweza kwenda wiki 4 hadi 6, na vipande vya uzi huanguka vyenyewe. Tumia pedi, usiingize kitu chochote ukeni.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri tarehe ya kliniki, ikiwa damu nyekundu inalowesha pedi nzima ndani ya saa moja, uchafu unanuka vibaya, joto la mwili limefika 38 au zaidi, tumbo linauma kwa kuzidi, au mkojo umekataa kutoka. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, au pumzi zikikata ghafla na kifua kuchoma, hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda. Watu wa nyumbani watafute gari hata kama ni saa nane za usiku. Ndiyo maana wauguzi walikuhimiza utembee mapema. Kulala kitandani mwezi mzima siyo kupumzika.

Niko Muscat, mama yangu yuko Unguja, ana miaka 66. Mabibi wanataka kumkanda kwa maji ya moto, kumfukiza na kumfunga mkaja kama mzazi. Nimewakatalia kwa simu wamenuna. Na swala je?

Hukukosea, mwanangu, ila wape sababu. Mkaja ukikazwa hauponyi sakafu ya nyonga, yaani misuli ya chini inayobeba viungo vya ndani. Unaminya tumbo, na kinachominywa tumboni kinatafuta njia ya chini. Mvuke wa moto chini unaweza kumuunguza, na majani yoyote ukeni yanaleta wadudu kwenye kidonda. Hata beseni la maji ya moto la kukalia aliache mpaka apimwe. Aoge kwa maji ya vuguvugu ya kumwagia, ajikaushe kwa kitambaa safi.

Lakini mabibi wasifukuzwe, maana mama anahitaji watu. Wapewe kazi: supu ya samaki, mgongo usuguliwe mafuta ya nazi, mtu wa kutembea naye uani jioni. Ubani wafukize chumbani wapendavyo.

Kuhusu swala, mimi nasema la tiba tu: kuinama kwa rukuu na kusujudu kunaweza kumuuma wiki za mwanzo, na kiti kipo. Damu anayoiona ni ya kidonda, si ya hedhi, kwa kuwa kizazi hakipo. Hilo mumweleze mwalimu wenu wa dini, yeye ndiye atatoa hukumu.

Tangu mpira wa mkojo utolewe, nikikohoa mkojo unachuruzika. Ni kawaida?

Tone la hapa na pale ukikohoa au kucheka hutokea, na mara nyingi linapungua kwa mazoezi ninayoyaeleza hapa chini. Ukisikia moto unapokojoa, peleka mkojo ukapimwe.

Mkojo ukitiririka muda wote, ukiwa umelala au umekaa, hiyo ni habari nyingine. Huenda kibofu au mrija wa mkojo umepata tundu, yaani fistula. Rudi kwa aliyekupasua mara moja. Fistula inatibika, na ipo mikono iliyozoea kazi hiyo: hospitali ya CCBRT pale Dar es Salaam, na kwa wasomaji wa Kivu, Kongo, Hospitali ya Panzi, Bukavu. Usijifiche ndani na matambara.

Kizazi kimeondoka. Kwa hiyo siwezi kushukiwa tena?

Laiti ingekuwa hivyo. Kizazi hakikuwa mkosaji. Kilishuka kwa sababu misuli na kano za nyonga zililegea: uzazi wa njia ya kawaida mara nyingi, kukoma hedhi, mizigo ya miaka, kikohozi kisichopona, choo kigumu, uzito wa mwili. Daktari amekitoa na kuufunga uke kwenye kano zilizobaki, lakini kibofu, utumbo wa nyuma au kilele chenyewe cha uke bado vinaweza kushuka baadaye.

Kwa hiyo kazi ya misuli ni yako. Maumivu yakitulia na daktari akiruhusu, lala au kaa, vuta misuli ya chini juu na ndani kana kwamba unazuia hewa isitoke mbele za watu. Hesabu polepole, ukiweza hadi 10, achia kabisa, pumzika, rudia mara 10. Fanya hivyo mara 3 kwa siku. Matako na mapaja yalegee, pumzi isibanwe, na usifanyie mazoezi katikati ya kukojoa. Matokeo huchukua miezi. Kabla hujanyanyua chochote, au chafya ikikujia, ivute kwanza hiyo misuli.

Na mwenye dalili zile zile za mwanzo, uzito ukeni au kitu kinachogusa ukifuta, aende kliniki mapema. Si kila mara ni kisu tena; ipo pete ya kushikilia ndani ya uke, inayopimwa kwa saizi yako.

Nina kliniki ya wiki ya 6, kutoka kwetu ni bodaboda tu mpaka barabara ya lami. Nipande?

Wiki ya 6, ikiwa hakuna usafiri mwingine, panda. Wiki mbili za mwanzo ningekukataza kabisa. Tafuta dereva unayemfahamu, mwambie umepasuliwa, matuta ayapande kwa mwendo wa miguu. Kojoa kabla ya kuondoka, vaa pedi, na mkoba apakate mwingine.