Kabla ya kununua kufuli jingine la msikiti

Kamati nyingi za misikiti hapa Lindi zikitaja usalama, mazungumzo huishia kwenye makufuli, kamera na kijana wa kulala barazani. Mwizi anaogopwa kuliko vyote. Mimi nimo kwenye kamati ya msikiti wetu na nimeshaitwa kukagua ya jirani, na swali ninaloanza nalo ni jingine: likitokea la kutokea, waliomo ndani watatokaje?

Usikague Jumanne asubuhi, msikiti mtupu na upepo wa bahari unawapepea. Nenda Ijumaa, ukasimame nje imamu anapotoa salamu. Utakuta mlango mkubwa umebaki nusu, kwa sababu viatu vimerundikwa palepale: makubadhi, kandambili, raba za watoto wa madrasa. Mbele ya viatu kuna pikipiki zimepangwa. Sasa fikiria waya umewaka moto juu ya mihrabu. Mzee wa mkongojo atapita wapi? Sisi tulimpa fundi kazi ya shubaka la mbao pembeni ya ukuta, tukapiga mstari wa rangi ambao kiatu hakiuvuki. Vijana walielewa upesi. Wazee ndio waliobisha!

Kilichonishtua zaidi nilikikuta kwenye tarawehe. Viatu vilikuwa vinaibwa, basi mlango wa kina mama ukawa unatiwa kufuli mpaka swala iishe. Ufunguo uko mfukoni mwa muadhini, na muadhini yuko safu ya mbele upande wa wanaume. Mlango wowote watu wakiwa ndani ufungwe kwa komeo tu, tena la kufungulika kwa mkono, na ufunguke kuelekea nje, maana kundi likisukumana, mlango unaovutwa ndani haufunguki tena. Wala si lazima pawe na moto. Mjini Moshi, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa kwenye mkutano wa maombi wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako.

Kwenye umeme, tazama soketi iliyogeuka kahawia na ekstensheni moja inayobeba spika, feni na birika la chai ya futari. Tazama pia swichi ya pampu ilivyo karibu na mahali pa kutawadhia. Chumvi ya bahari inakula vyuma vya hapa upesi. Mwiteni fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, si mjomba wa mtu. Jenereta likae nje kabisa, mbali na madirisha. Na mtungi wa kuzimia moto usifungiwe ofisini kwa imamu eti usiibwe.

Paa likaguliwe kabla ya mvua. Waliopitia kimbunga Hidaya, Mei 2024, hawahitaji kuelezwa.

Pesa nazo zina msimu wake. Korosho zikianza kuuzwa, kuanzia Oktoba, sanduku la sadaka huwa zito na kila mtu mtaani anajua. Zihesabiwe na watu watatu siku hiyohiyo, hesabu isomwe mbele ya jamaa, zisilale msikitini. Hapo mwizi mnamwondolea sababu ya kuja, na ni rahisi kuliko kamera.

Kuhusu wageni nina msimamo: msafiri asihojiwe kama mtuhumiwa. Awepo kijana mlangoni anayetoa salamu, "karibu, umetokea wapi?" Mwenye shida atasema, mwenye nia mbaya atajua ameonekana. Kijana huyo awe na namba kichwani, 114 ya Zimamoto na 112 ya polisi. Walio mbali, kama huko Rondo, wakubaliane pia na majirani, kwa sababu gari la Zimamoto halifiki kwa dakika tano.

Halafu waulizeni kina mama peke yao. Kamati yetu ni ya wanaume watupu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda ngazi yao usiku. Wao ndio waliotuambia kwamba haina taa, na wenye watoto mgongoni hushuka kwa kupapasa ukuta.