Mgongo unauma, eksirei "safi", miguu inakufa ganzi: mimi nilikaa miezi 9 bila jibu

Dada uliyeuliza kuhusu mdogo wako, pole sana. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili: kijana wa miaka 29, mgongo unamuuma mwezi wa tano huu, eksirei wamesema haina shida, ametibiwa UTI na taifodi, na wiki hizi miguu imeanza kufa ganzi. Na nyumbani wameshaanza maneno ya kurogwa. Mimi si daktari, ni fundi cherehani hapa Morogoro, lakini njia hiyo nimeipita yote, kwa hiyo nivumilie niandike kirefu.

Wangu ulianzia katikati ya mgongo, usawa wa pale mkanda wa sidiria unapopita. Fundi gani haumwi mgongo? Sikushtuka. Kila niliyemweleza alinijibu "kazi ya kuinama hiyo". Nikachuliwa, nikapigwa chuku, nikameza diklofenaki mpaka tumbo likawa linawaka moto. Zahanati moja wakapima mkojo wakasema UTI, nikapewa sipro. Mwezi uliofuata, kwingine, ikawa taifodi. Hospitali moja ya binafsi wakanipiga eksirei, daktari akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akasema pingili zako nzuri kabisa mama, punguza kazi.

Nikapunguza. Nilifunga kibanda wiki tatu nzima. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka, kwa sababu maumivu ya kazi ukipumzika yanapoa, haya yangu nikilala ndiyo yanapamba moto. Saa nane za usiku ulikuwa muda wake. Naamka shuka limelowa chapachapa na feni inazunguka. Sketi zangu nikawa nazipunguza kiuno mwenyewe, mara ya kwanza sentimita tatu, mara ya pili nne, na bado akili yangu haikuunganisha. Nikasema ni mawazo.

Siku niliyoogopa kweli ilikuwa Januari, msimu wa sare za shule. Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Nikaona gurudumu limesimama, nami nimeshika kitambaa nakisukuma, najua kabisa nakanyaga. Nikainama kutazama: ndala imebaki juu ya pedeli, mguu wangu wa kulia uko sakafuni. Sikuwa na habari nao.

Watu wa nyumbani wakaniambia twende kwa mtaalamu, mguu umechukuliwa. Nilikwenda. Siwalaumu mpaka leo, maana hospitali nne zilikuwa hazijatupa jibu lolote la kushika. Nilichopoteza kule ni mwezi mmoja na nusu na pesa ya mtaji.

Aliyenifungulia njia ni daktari kijana wa zamu, hospitali ya serikali, siku ambayo nilikwenda nikiwa nimeshakata tamaa. Hakuanza kuandika vipimo. Alisema, "Mama, anza mwanzo kabisa, siku ya kwanza." Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia nivue viatu na nigeuke, akaanza kugonga mgongo kwa ngumi taratibu, pingili moja moja kutoka shingoni. Alipofika pale pa mkanda wa sidiria nikapiga kelele. Akanigonga goti kwa kile kinyundo chao, mguu ukaruka kama umepigwa shoti. Mwisho akatoa ufunguo mfukoni, akaupitisha kwenye unyayo kuanzia kisigino kwenda vidoleni, macho yake yakiwa kwenye kidole gumba. Kidole badala ya kujikunja chini kikanyanyuka juu. Akarudia, kikanyanyuka tena. Akasema, "Tatizo haliko miguuni. Kuna kitu kinabana uti wa mgongo huko juu, ule mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya pingili." Miezi tisa, dada, na hakuna aliyewahi kuniambia nivue viatu.

Akaniandikia rufaa ya Dar, MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Nikafikia kwa mama mdogo Mbagala. MRI nililipa kama laki nne, kikoba chetu ndicho kilichonikopesha. Picha ikaonyesha pingili mbili za usawa wa kifua zimeliwa pamoja na diski iliyo kati yake, na usaha umejikusanya pembeni unasukuma uti. Wakaingiza sindano wakiongozwa na CT skani, wakavuta usaha, ukapimwa kwenye mashine ya GeneXpert. TB.

Nikamwambia bingwa mbona sijakohoa hata siku moja. Akanielewesha kwamba vijidudu huingia kwa njia ya hewa, lakini vinaweza kusafiri na damu vikatulia kwenye mfupa, na pingili za mgongo ndizo vinazopenda zaidi katika mifupa yote. Makohozi yanaweza kupimwa yakawa safi kabisa. Na kuhusu ile eksirei ya kwanza akasema haikudanganya: ilipigwa mapema. Eksirei haioni ugonjwa huu mpaka sehemu kubwa ya mfupa iwe imeshaharibika. Kosa ni kwamba nilizidi kuumwa na hakuna aliyerudia kuangalia.

(Mtaani nilipata shida nyingine. Ukisema "TB ya uti wa mgongo" watu wanasikia "homa ya uti wa mgongo". Jirani alizuia watoto wake wasije kwangu. Ni magonjwa mawili tofauti, na TB iliyo mgongoni tu, bila mapafu, haiambukizi mtu kwa kukaa naye.)

Dawa nilimeza miezi 12: aina nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi kumi. Dawa za TB ni bure. Mkojo utakuwa rangi ya chungwa, usiogope, ni rifampisini, mojawapo ya dawa hizo. Walinipima na VVU, huo ni utaratibu kwa kila mgonjwa wa TB. Nilivaa mkanda mgumu wa kushikilia mgongo. Upasuaji sikufanyiwa kwa sababu miguu ilikuwa bado ina nguvu, ila wapo wodini waliofanyiwa. Mwezi wa nne nilianza kuusikia tena ubaridi wa sakafu. Kinundu kidogo kimebaki mgongoni, hicho nitakaa nacho.

Sasa sisemi mdogo wako ana TB. Inaweza kuwa diski. Inaweza kuwa brusela, hasa kama anakunywa maziwa mabichi au anashughulika na mifugo. Inaweza kuwa uvimbe. Ninachosema ni kwamba mgongo wa miezi mitano ukifuatiwa na ganzi miguuni si wa kuchua tena, na mtu yeyote asimkanyage mgongo kumnyoosha.

Chukua karatasi moja, mwandike kila kitu kwa tarehe: lini ulianza, usiku ukoje, jasho, homa, uzito umepungua kiasi gani, ganzi ilianzia wapi na imepanda mpaka wapi (mchoreni kwa kalamu mguuni kabisa). Andikeni na dawa zote alizomeza. Kama alipewa sipro msiache kuitaja, kwa sababu inaweza kuvipunguza nguvu vijidudu vya TB kwa muda na kumchanganya daktari. Bebeni picha zote za zamani, hata ile "safi". Mkifika, asitaje mgongo peke yake, maana akisema mgongo atapewa dawa ya mgongo. Aanze na miguu. Na akiambiwa ni misuli, mwulize daktari kwa heshima, "Kama si misuli, kitu gani kingine kinaweza kuwa, na tutakijuaje?" Ombeni rufaa kwa bingwa wa mifupa au wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu. Si lazima Dar. Kama mko Kaskazini kuna KCMC, Kanda ya Ziwa kuna Bugando. Pesa ya MRI ikikosekana, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitalini kabla hamjauza kitu. Mimi sikujua kama ipo.

Kitu kimoja hakisubiri rufaa wala kesho. Mkojo ukigoma kutoka, au choo kikitoka bila yeye kujua, au ganzi ikifika sehemu anayokalia, katikati ya mapaja, au miguu ikianza kulegea, mpelekeni hospitali kubwa iliyo karibu usiku huohuo.

Leo jioni mwambie atembee hatua kumi kwa visigino, kisha kumi kwa ncha za vidole, mtu awe karibu wa kumshika. Halafu mgonge mgongo taratibu kuanzia juu. Akiweza yote bado aende hospitali, lakini utakuwa na la kumwambia daktari. Niandikie hapa umeona nini. Nafunga kibanda saa kumi na mbili, nitasoma.