Kabla hujalipia Dorking, hesabu vidole

Juzi msomaji ameniandikia kwa furaha: amepata kuku aina ya Dorking, wazuri kweli, ila miguu yao ni kama ya kuku wengine tu. Niliposoma hapo kidonda changu kikachubuka upya.

Mimi nami niliuziwa. Matembe wanne na jogoo, muuzaji akiapa ni mbegu halisi, nikalipa bila hata kuwashika. Nikawalisha miezi sita huku nikiwasifia kwa kila mgeni, mpaka jirani akamwinua jogoo na kumhesabu vidole. Vinne. Akanitazama. Nikajifanya nina kazi ya haraka ndani.

Dorking ana vidole vitano, ndugu yangu! Cha tano kiko nyuma, juu ya kile cha kawaida, kimepinda kwenda juu wala hakigusi ardhi. Columella, Mroma wa karne ya 1 aliyeandika juu ya kilimo, aliwasifu kuku wa vidole vitano, sembuse mimi mwenye simu mkononi.

Ila usishangilie mapema. Kidole hicho hurithiwa kirahisi, hata machotara huzaliwa nacho. Vinne vinamuumbua muuzaji, vitano havimsafishi. Tazama na miguu: mifupi, myeupe. Mwili mrefu, mpana, umekaa chini kama sanduku. Ndewe, ile nyama laini chini ya sikio, nyekundu, na hapo ndipo penye kioja, maana kuku wengi wa ndewe nyekundu hutaga mayai ya kahawia, huyu yake ni meupe au yana rangi hafifu tu.

Sasa ninao wa kweli, na maringo siyafichi. Jogoo amepita kilo 4, nyama yake nyeupe na laini. Lakini nilingoja, tena sana. Anayetaka kuchinja wiki ya sita akafuge kuku wa nyama. Mitetea nao wanapenda mno kuatamia, na akishakaa kwenye mayai, usitegemee jingine kwa muda.

Nyie mnaonunua kuku kwa picha mnajitakia wenyewe. Mshike. Mgeuze. Hesabu vidole. Mguu wa pili pia, maana kuna wenye vitano upande mmoja tu.

Msomaji wangu nimemwomba picha ya miguu, hajajibu. Yule jogoo wa vinne bado ninaye, nimemtenga asiharibu mbegu. Alfajiri ndiye wa kwanza kuwika.