Mtoto amerithi, hakuambukizwa

Swali: Daktari hapa Bukavu ametuambia kwamba mtoto wetu wa kiume ana "upungufu wa kimeng'enya cha G6PD". Jirani anasema ni "ukosefu". Lipi sahihi? (Mama wa Kadutu)

Jibu: Daktari amesema sawa, mama. Ukosefu ni kutokuwepo kabisa. Upungufu ni kuwepo kusikotosha. Kimeng'enya hiki, ambacho hulinda chembe nyekundu za damu, mtoto anacho, ila ni kidogo au ni dhaifu. Neno lenyewe limetoka kwenye kumeng'enya, na hapo hakuna ugomvi.

Ugomvi wangu ni na neno jingine, ambalo bila shaka umekwisha kulisikia: "ameambukizwa na mama yake." Mimi nililisikia Bagira, nyumbani kwa jamaa zangu. Mtoto mwenye upungufu huu huu alikuwa amekojoa mkojo mweusi kama kahawa baada ya kumeza dawa. Shangazi mmoja akasema mama ndiye aliyemwambukiza. Jioni ile kikombe cha mama, cha plastiki ya kijani, kikawekwa peke yake dirishani. Kwa sababu ya kitenzi kimoja!

Kifua kikuu huambukiza. Surua huambukiza. Kipindupindu, tunakijua sana hapa, huambukiza. Upungufu huu hauhami kwa kikombe wala kwa kunyonyesha. Umo kwenye kromosomu X, mojawapo ya nyuzi zinazobeba urithi ndani ya chembe za mwili, ambayo mtoto wa kiume huipata kwa mama peke yake, tangu mimba inapotungwa. Mama mara nyingi haumwi, maana X yake ya pili humsaidia. Naye aliupata kwa baba au mama yake. Kiarabu kilitupa neno la jambo hili zamani: kurithi. Shamba hurithiwa, pua ya babu hurithiwa. Nani amewahi kuambukizwa pua? Sema: "Amerithi kwa mama yake." "Mama amemrithisha" nitalivumilia kwa shingo upande, kwa kuwa linampa mama hiari ambayo hakuwa nayo.

Na mtoto akipata malaria, litaje jina hilo la G6PD kabla hajaandikiwa dawa, hasa primakwini: mwaka 1956 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba ni kwa upungufu huu chembe nyekundu za damu hupasuka mtu akiimeza. Vidonge vya naftalini, vile vya kufukuza nondo, navyo viondoe leo kwenye sanduku la nguo zake, maana navyo huweza kuzipasua chembe hizo.