Jibu: Makundi ya vijana kwenye foleni za Orlando mwezi Julai

Salaam dada. Umeuliza mtafanyaje na wale vijana wa fulana za rangi moja kule Walt Disney World, zile bustani za michezo za Orlando, Marekani, wanaoimba kwenye foleni na kupenyeza wenzao waliochelewa, maana mnakwenda Julai na watoto wadogo.

Angalia tarehe kwanza. Wengi wa vijana hao hutoka Brazil na Argentina; kwao Julai ni likizo ya katikati ya mwaka, na Januari ni likizo yao ndefu ya kiangazi. Wengi ni mabinti waliozawadiwa safari kwa kutimiza miaka 15, kwa hiyo furaha imewajaa (ungekuwa wewe ungenyamaza?). Kama tarehe zinasogezeka, mwisho wa Agosti pana nafuu.

Kama hazisogezeki, mtazame kiongozi, achana na vijana. Yeye ndiye anayenyanyua kibendera. Kinakoelekea, kundi zima linafuata. Ukikiona kimesimama mlangoni pa mchezo unaoutaka, nendeni kwingine mrudi baadaye, msijipange nyuma yao.

Wakipenya mbele yenu, usibishane na mtoto wa watu. Mwambie kiongozi kwa upole, papo hapo. Akijifanya hasikii, mwite mfanyakazi wa pale. Ukingoja hadi mfike mbele, hakuna atakayejua nani alitangulia.

Mkubwa akitaka kupanda Expedition Everest, ile treni ya kasi ya mlimani, peke yake, aulizie foleni ya mtu mmoja mmoja, ya kujaza viti vilivyobaki wazi. Makundi huikwepa, kila mmoja anataka kukaa na shoga yake.